Geti Lipo, Sisi Tunaruka Ukuta

Timu yetu ya chuo mwaka jana ilifungwa na chuo cha Muheza mabao matano bila majibu, nyumbani, mbele ya mume wangu. Kufungwa ni sehemu ya mpira, hilo nalijua tangu utotoni. Kilichonichoma mpaka leo ni kwamba beki wetu bora, nahodha, hakucheza hata dakika moja, na hakuumizwa na mtu wa Muheza. Aliumizwa na ukuta wetu wenyewe.

Nieleze vizuri. Chuo chetu ni cha ufundi, kipo huku Mabawa, Tanga: mafundi bomba, maseremala, washonaji, mafundi umeme. Uwanja wake uko ng'ambo ya barabara, umezungushiwa ukuta wa matofali na una geti la chuma, pana la kupitisha lori. Geti zima, bawaba zake zimetiwa mafuta, halina kasoro. Ila siku ya mechi ya kila mwaka na chuo cha Muheza, wachezaji wetu hawapiti getini. Wanazunguka nyuma kwenye choo cha zamani, wanapandishana mabegani, wanaruka ukuta mmoja mmoja kama wezi wa nazi. Inasemekana wageni huja mapema wakazika mambo yao pale getini, na mchezaji akiyavuka miguu inakuwa mizito. Huo ni uamuzi wa kamati ya ufundi. Kwa asiyejua mpira wetu, kamati ya ufundi haina ufundi wowote. Ni wazee wenye vifurushi. Katika chuo kizima chenye mafundi wa kila aina, ni wao peke yao wasiojua kushika nyundo.

Basi mwaka jana nahodha, kijana wa ufundi bomba, mrefu, mpole, aliruka akatua vibaya. Kifundo kikavimba kama boga. Mechi nzima aliitazama kutoka benchi, mguu umetumbukizwa kwenye ndoo ya barafu tuliyoazima kwa muuza samaki.

Na mwenyekiti wa kamati hiyo ni baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mpishi wa chuo kabla hajastaafu akahamia Chumbageni. Mimi nimekulia kwenye nyumba za watumishi, nyuma ya jiko, na wale wachezaji wa zamani walinibeba mabegani wakitoka mazoezini. Nilikuwa darasa la tatu mwaka tuliochukua kombe. Nakumbuka baba akipika pilau la chuo kizima kwa kuni, mimi nimekalia sufuria iliyopinduliwa, na wachezaji wanakula kwa mikono bado wamevaa jezi zenye matope. Hapo ndipo nilipougua ugonjwa huu. Nilipomaliza kidato cha nne sikuendelea na masomo, niliolewa, nikaanza kupika vitumbua, lakini kila mechi ya chuo nipo.

Mume wangu ni wa Muheza, huko kwenye machungwa. Nilimpenda kabla sijajua ana timu. Siku ile ya tano bila alirudi nyumbani ananuka machungwa na furaha, akakuta nimewasha jiko.

"Mama watoto, usihangaike kupika," akaniambia. "Tano zinatosha mpaka kesho."

Nikazima jiko kweli. Alilala na njaa.

Lakini haikuishia kwenye utani wa nyumbani. Mkuu wa chuo, mama wa milimani huko Lushoto, mfupi, mwenye sauti kama kengele ya shule, alisimama palepale uwanjani mbele ya mashabiki akasema, "Wasichana wangu wanapanga vyumba mitaani, wengine wanarudi gizani, na mimi nimekaa na uwanja mkubwa hivi kwa ajili ya aibu? Mwakani mkifungwa tena hapa, najenga bweni. Nimemaliza." Mwezi haukupita, wapimaji wakaja wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kwenye kila pembe ya uwanja, na kimoja katikati kabisa, pale penye duara, ambacho ilibidi kuchomolewa kila tukicheza.

Nilitaka kumchukia yule mama, nikashindwa. Bweni la wasichana linahitajika, nami nina binti, bado mdogo lakini ni binti. Ila nyuma ya karakana ya useremala kuna eneo zima limelala vyuma chakavu na gari bovu lisilo na magurudumu ambalo kuku wanatagia. Kwa nini bweni lisikae pale? Kwa sababu vyuma chakavu havijawahi kufungwa tano bila na Muheza. Ndiyo maana.

Kwa hiyo tulikuwa na mwaka mmoja wa kuijenga timu upya, au hatuna uwanja. Na bila uwanja timu ya chuo ni wimbo wa walevi tu, "enzi zetu, enzi zetu".

Akaja mwalimu mpya wa umeme, kijana, akapewa timu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Jambo la kwanza alilofanya ni kufukuza mamluki. Hawa ni wachezaji wa mtaani wanaokodiwa siku ya mechi, wanavalishwa jezi, wanaitwa wanafunzi. Kwa miaka mingi tulikuwa tunaishi kwa mamluki. Mwaka juzi winga wetu, eti mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ushonaji, alikuwa na mvi kwenye ndevu. Nilimfuata nikamuuliza, "Kaka, unasomea nini hasa?" Akanijibu bila haya, "Leo nasomea winga."

Mashabiki walipiga kelele mamluki walipoondolewa. Tutachezesha nani? Mimi nikasema tuchezeshe wanafunzi, si ndio wenye chuo? Watu wanadhani timu inajengwa kwa kuokota mfungaji mmoja hodari mahali fulani. Hapana. Mimi napika vitumbua, najua. Ukiuharakisha unga hauumuki, na kitumbua kinatoka kigumu ndani kibichi, hata ukikikaanga kwa mafuta mazuri namna gani. Timu ile ya kombe walikuwa wamekula meza moja miaka mitatu. Kipa alijua beki wake akikohoa maana yake nini. Hawa wa kukodi walikuwa wanaitana "oya, jezi nyeupe".

Kila jioni nikawa naenda mazoezini, mtoto mgongoni. Sitasema nilikuwa mtazamaji mtulivu.

"Beki wa kushoto! Umelala? Nikuletee mto?"

"Dada, njoo ucheze wewe!"

"Nakuja. Nishikie mtoto."

Siku moja alimshika kweli, na mtoto akamkojolea jezi. Tangu hapo huyo beki hakulala tena, kila aliponiona naanza kufungua mbeleko alikuwa anakimbia.

Mwanzoni walikuwa wabaya, niseme ukweli. Walifungwa tatu na wauza mitumba. Wakafungwa mbili na mafundi pikipiki. Halafu moja, na watu walewale wa mitumba. Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye huja uwanjani kwa ajili ya karanga tu, akaniambia, "Mwenzangu, unafurahia kufungwa?"

"Nafurahia kufungwa kidogo," nikamjibu. "Huoni tofauti?"

Hakuiona. Mimi niliiona. Nahodha alikuwa amepona, anapanga watu kwa mkono kama askari wa barabarani. Kipa, kafupi, mwanafunzi wa ushonaji, alikuwa ameacha kufumba macho. Mpira ulikuwa unatoka nyuma kwa miguu, haubutuliwi tena mpaka kwa wauza chapati. Nikajua hapa tunaweza. Hapa kuna kitu.

Kilichobaki ni ukuta.

Ilipokaribia mechi nikaenda Chumbageni kwa baba. Nilimkuta uani anamfunga mbuzi wake, ambaye huwa anamleta mpaka uwanjani kwetu kula majani, kama vile Chumbageni nzima haina hata unyasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunigombeza?"

"Vyote viwili."

"Anza na kimoja, nimechoka."

Nikamwambia wachezaji mwaka huu wapite getini. Baba akacheka, akakaa kwenye kigoda chake.

"Sikiliza, mama. Mwaka ule wa kombe tulipita wapi?"

"Ukutani."

"Basi."

"Na mwaka jana mlipita wapi?"

"Mwaka jana yule nahodha wenu alitanguliza mguu wa kushoto. Nilimwambia wa kulia. Hakusikia."

Mkishinda ni ukuta, mkishindwa ni mguu. Nikapandwa na jazba. Nikamwambia, "Baba, lile kombe halikuletwa na ukuta. Lililetwa na maharage yako. Wale vijana ulikuwa unawalisha mara tatu kwa siku, wanashiba, wanalala, wanakimbia. Nani mwingine Tanga hii alikuwa na timu iliyoshiba?"

Nilimwona amefurahi, kidevu kilipanda. Akampapasa mbuzi.

"Maharage yalisaidia," akasema. "Lakini pamoja na ukuta."

Niliondoka nikiwa nimefura kiasi kwamba niliipita nyumba ya shangazi bila kubisha hodi, jambo ambalo bado linasemwa. Njiani ndipo nikapata akili. Baba haogopi geti. Anaogopa kilichozikwa getini. Je, kama hakuna aliyepata nafasi ya kuzika?

Siku ya mechi, jua linachomoza, nikafika uwanjani na mkeka, chupa ya chai, bakuli la vitumbua na mtoto. Nikatandika mkeka palepale katikati ya geti. Mlinzi akaja anajikuna.

"Dada, biashara hairuhusiwi hapa."

"Sifanyi biashara. Nalinda."

"Mlinzi ni mimi."

"Jana usiku ulilala?"

Akatazama pembeni. Basi nikampa kitumbua, akakaa. Akaapa kwamba jana aliliona geti kwa macho yake mpaka anafunga kufuli, na nilipofika asubuhi ndilo hilohilo alilolifungua, hakuna udongo uliochimbuliwa. Tukakagua pamoja. Ardhi ngumu kama sakafu.

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, ile hali ya kutembea kwa ajili ya kutembea tu. Akaingia getini, akatoka. Akaingia, akatoka. Akakaa katikati akala udongo, nikamfuta mdomo, akala tena. Asubuhi yote kazi yake ilikuwa hiyo.

Mchana wachezaji na mashabiki wa Muheza wakaanza kuingia na ngoma na mifuko ya machungwa, mume wangu mbele, amevaa fulana yao.

"He! Mama watoto, umeajiriwa ulinzi?"

"Pita, usinikanyagie mkeka."

"Leo tutawahurumia. Tatu tu."

"Chungwa likiiva sana huanguka lenyewe. Pita, baba, unazuia njia."

Akambusu mtoto, akapita. Na macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake na ya wenzake, kila mmoja, mpaka wa mwisho. Mume ni mume, mechi ni mechi.

Halafu wachezaji wetu wakatoka karakana, wameshavaa, njumu zinagonga lami. Mbele yao baba na wazee wake, kofia zimenyooka, baba ana kifurushi kwapani. Walivuka barabara. Walipofika mbele ya geti wakageuka kushoto, kuelekea choo cha zamani.

Nikasimama. "Baba!"

Hakugeuka.

"Baba, mjukuu wako ameshapita hapa!"

Hapo akasimama. Wote wakasimama. Nikamwinua mtoto, mdomo umejaa udongo mwekundu.

"Tangu jua kuchomoza nipo hapa na huyu. Ameingia na kutoka mpaka mimi nimeona kizunguzungu. Udongo wa geti hili ameula. Kama kuna kitu kimezikwa, basi kimeshampata yeye kwanza. Haya, mwangalie. Niambie hapa mbele ya watu: mjukuu wako ana mkosi?"

Mashabiki wakasema "Oooh!" kama mpira umegonga mwamba. Mzee mmoja wa kamati akafungua mdomo, baba akamtazama, akaufunga. Hapo nilikuwa nimembana pande zote. Angesema ndiyo, ingebidi yeye mwenyewe aanze kumhangaikia mtoto kwa waganga, na mama yangu asingemfungulia mlango. Angesema hapana, geti ni salama. Akahamisha kifurushi kutoka kwapa moja kwenda jingine.

Nahodha ndiye aliyemsaidia. Akasema kwa adabu, anaangalia chini, "Mzee, mimi mguu wangu ukuta hauutaki tena."

Baba akanikabidhi kifurushi, kilikuwa chepesi ajabu. Akamchukua mtoto. Akamkagua macho, akamkagua ulimi, akamfuta udongo kwa ncha ya kanzu yake. Halafu akaligeuzia geti mgongo, akaingia ndani kinyumenyume, polepole, mtoto kifuani anamvuta kofia.

Ningeweza kupiga kelele. Lakini geti ni geti, hata ukiingia kwa mgongo.

Wachezaji wakatazamana. Nahodha akaingia kwa kutazama mbele, kama mtu anayekwenda kazini. Wengine wakafuata, wengine kwa mbele, wengine kwa nyuma. Kipa aliingia kinyumenyume akamkanyaga mlinzi. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyevimba. Kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili zangu, timu yetu siku ya Muheza iliingia kwenye uwanja wake kwa miguu yote miwili mizima.

Mechi yenyewe nitaisimulia haraka, maana sikuiona vizuri, nilikuwa napiga kelele. Walitufunga mapema, faulo ya mbali, kipa wetu kafupi aliruka akaupapasa tu. Upande wa pili maganda ya machungwa yakarushwa juu, na mume wangu akaninyooshea kidole kimoja, halafu kwa mkono mwingine akaonyesha kwamba mawili yanakuja. Hayakuja. Nahodha alizuia kila kitu kilichokuwa na umbo la mviringo. Mwalimu wa umeme alisimama pembeni anatafuna kola ya shati lake. Mkuu wa chuo alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, karibu na kile kigingi chekundu cha pembeni. Yule mama hakupiga makofi hata mara moja.

Kona ikapatikana jua limeshashuka. Beki wa kushoto, yule wa kukojolewa, ndiye aliyeipiga. Nahodha alipanda kutoka nyuma, akaruka, na nikafunga macho kwa sababu nilikuwa nafikiria kutua kwake. Niliposikia kelele nikafumbua. Mpira ulikuwa nyavuni na yeye amesimama, miguu miwili, anaitazama kana kwamba na yeye alikuwa na wasiwasi nayo.

Moja kwa moja. Mpaka filimbi.

Tuliimba kama tumechukua kombe. Mume wangu alikuja akasema, "Sare mnashangilia hivyo?" Nikamwambia ndiyo, na leo apike yeye. Alipika, ugali ukatoka na madonge, tukaula.

Lakini kabla ya hapo tulimzunguka mkuu wa chuo. Kila mtu alikuwa anamwangalia mdomo. Akasimama, akajipangusa sketi, akasema kwa sauti ileile ya kengele, "Mimi nilisema mkifungwa. Hamkufungwa." Akamgeukia mwalimu wa umeme. "Kesho uje na hawa vijana wako nyuma ya karakana. Na makoleo. Lile gari bovu sitaki kuliona."

Bweni limeshaanza kupanda, nyuma ya karakana, palipokuwa vyuma. Wachezaji ndio waliopasafisha, na kuku wamehamia kwa mlinzi. Uwanja umebaki. Vigingi vimeng'olewa.

Isipokuwa kimoja, ambacho baba alikipenda akakibeba kwenda nacho Chumbageni, anamfungia mbuzi. Nilikwenda kumsalimia wiki iliyopita nikakiona, kichwa chekundu kinang'aa uani.

"Umeona?" akaniambia, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. "Kinyumenyume. Ingekuwa kwa mbele, tungekula nne."

"Baba, nusu ya timu iliingia kwa mbele."

"Ndiyo maana ikawa sare."

Binti yangu alikuwa ameshamfikia mbuzi, anamvuta mkia.

"Mwakani mechi inahamia kwao Muheza," baba akaendelea, anamtazama mtoto kama kocha anavyomtazama mchezaji. "Huyu umwandae."

"Mwakani atakuwa anakimbia, baba. Hutaweza kumshika."

"Nitamshika."

"Na mchezaji akiniambia anapanda ukuta wa watu wa Muheza..."

"Nani kasema ukuta?" akanikatiza, amekasirika kweli. "Wao si wana geti?"